Hatua Mia Mbili na Kumi na Mbili

"Mbuzi wangu hajazindua kitu," Mzee Lukindo alikuwa akisema kwa mara ya tatu. "Mbuzi amepita tu."

"Amepita wapi?" akauliza Bwana Mashimbe, kalamu ikiwa tayari juu ya daftari.

"Chini ya utepe."

"Utepe wa nani?"

"Wa Serikali."

"Basi amezindua," Bwana Mashimbe akasema, akaanza kuandika.

Nilifika hapo Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikakuta ugomvi umekwisha chemka. Mzee Lukindo alikuwa upande wetu wa nyumba, na Bwana Mashimbe upande wa bustani. Katikati yao palikuwa na lango lisilo na mlango, na katika lango utepe mmoja, nusu wa bluu na nusu wa kijani, umefungwa kwa urefu wa kiuno. Mbuzi mwenyewe alikuwa ng'ambo, amesimama kwenye nyasi za Wizara, anakula bila wasiwasi. Ndiye mkazi wa kwanza wa mtaa wetu kufaidi mradi.

Mzee Lukindo alisema mbuzi hana cheo, hivyo hawezi kuzindua hata banda. Bwana Mashimbe alisema hajakataa, ila kitu hakizinduliwi mara mbili, na kama mbuzi ametangulia, Waheshimiwa Mawaziri wakija watazindua nini? Atawaambia nini? Jasho lilikuwa linamtoka. Nikaona wanaume hawa wawili watafika mchana wakibishana, na mimi nina safari. Nikamwambia Bwana Mashimbe aandike kwamba aliyepita ni mgeni, ila si mgeni rasmi.

Akafikiri. Akaandika kwa herufi kubwa: MGENI ASIYE RASMI. Akaweka saa, tarehe na sahihi. Kisha akamsukuma mbuzi kwa nyuma mpaka akarudi kwetu, kwa sababu mgeni asiye rasmi akitoka si kosa.

Simlaumu mtu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina stashahada moja ya uhazili, na nilifundishwa kuandika yaliyosemwa na yaliyotendeka kwa mpangilio. Mwenye kutaka kucheka acheke kwa hiari yake.

*

Mtaa wetu unaitwa Mtaa wa Mfano Namba Mbili. Namba Moja haijapatikana mpaka leo, lakini Serikali inaitafuta.

Ulijengwa pembezoni mwa mji kwa ajili yetu sisi tulioondolewa katikati ya mji. Kabla hatujahamia tulionyeshwa mchoro. Ulikuwa mchoro mzuri. Huku nyumba, kule kituo cha basi, na baina yake bustani yenye miti mviringo kama mipira. Njia moja ilitoka kwenye nyumba, ikapita chini ya miti, ikaishia kwenye mlango wa basi. Juu ya njia hiyo alitembea mwanamke mwembamba mwenye kofia, ameshika mbwa mweupe. Tulimtafuta sana mwanamke huyo baada ya kuhamia. Hakuna aliyemjua.

Siku ya kuutangaza mradi tuliambiwa kwamba mwananchi atatoka mlangoni pake, atavuka kivuli na maua, na atapanda basi mapafu yake yakiwa yamejaa hewa na moyo wake umejaa shukrani. Tukapiga makofi. Kwa kuwa njia ilikuwa ya miguu na kivuli, magari hayakuruhusiwa kuingia mtaani. Zikachimbiwa nguzo za zege kila mlango wa mtaa. Bodaboda hazimo kwenye mchoro. Gari la wagonjwa halimo kwenye mchoro. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba katika mchoro hakuna mgonjwa.

Na njia ikajengwa, lazima niseme ukweli. Imejengwa vizuri. Ina vigae vyekundu, ina taa, ina mabenchi. Mabenchi yamegeuzia mgongo kituo cha basi, kwa sababu bustani ni mali ya Wizara ya Majani, na Wizara ya Majani haikupenda watu wakae kwenye benchi lake wakitazama mabasi ya Wizara ya Magurudumu. Kutoka langoni kwetu mpaka kituoni ni hatua mia mbili na kumi na mbili. Bwana Mashimbe amezihesabu. Yeye anayo nafasi ya kuhesabu.

Njia ilikamilika miezi kumi na minne iliyopita. Kilichobaki ni kuizindua.

*

Katika nchi yetu kitu cha Serikali hakipo mpaka kizinduliwe. Unaweza kukiona, unaweza kujikwaa nacho, lakini hakipo. Mwalimu Chogo, jirani yangu, hakulielewa hilo. Mwezi wa pili aliinama, akapita chini ya utepe kwenda kupanda basi, akakamatwa kabla hajafika. Alishtakiwa kwa kujifanya mgeni rasmi. Mahakama ilimhurumia kwa kuwa ni mtumishi, ikamhukumu kuhudhuria uzinduzi wote wa Serikali kwa mwaka mzima, kiti cha nyuma, juani. Amerudi amekonda, na mpaka leo akisikia kipaza sauti kinajaribiwa anasimama na kupiga makofi.

Kwa nini haikuzinduliwa? Kwa heshima tu. Njia inaunganisha bustani na kituo, kwa hiyo Waziri wa Majani ni mgeni rasmi, na Waziri wa Magurudumu ni mgeni rasmi. Wizara ya Miguu haipo. Ndiyo maana utepe una rangi mbili.

Sasa kila mtu anajua kwamba mgeni rasmi hufika wa mwisho. Watu hufika saa mbili, kwaya saa tatu, mkuu wa wilaya saa nne, na yeye anakuja wakati watoto wameanza kuanguka kwa jua. Huo ndio utaratibu, na hauna shida mgeni akiwa mmoja. Wakiwa wawili, kila mmoja lazima afike baada ya mwenzake. Mara ya kwanza misafara yote miwili ilijificha, mmoja nyuma ya ghala na mwingine nyuma ya kiwanda cha soda, ikituma vijana wa pikipiki kuchungulia kama mwenzake ameketi. Kwaya iliimba tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Waliimba hata nyimbo za harusi. Mara ya pili wote wawili waliishiwa mafuta. Mara ya tatu Waziri wa Majani alifika kwa bahati mbaya, akagundua kwamba ni wa kwanza, akarudi garini akajifunika gazeti.

Mpaka wakubaliane, utepe ukawekewa afisa. Ndiye Bwana Mashimbe, Afisa Utepe Mwandamizi. Huufua kila Jumamosi na kuupiga pasi. Anakaa mkabala na kwangu, nyumba yake iko hatua mbili tu kutoka langoni. Lakini kituo chake cha kazi ni upande wa bustani, na hawezi kupita chini ya utepe anaoulinda. Kwa hiyo kila alfajiri anazunguka kama sisi wengine, anashuka korongoni, anapanda machimbo ya kokoto, anafuata barabara kuu, anaingia bustanini kwa upande wa kituo, anatembea hatua mia mbili na kumi na mbili, na kusimama uso kwa uso na mlango wake. Saa moja na nusu. Jioni anarudi hivyo hivyo. Mkewe humsalimia kutoka barazani akiwa kazini.

*

Sisi tuliofika machimboni hatukuwa na haja tena ya kwenda kituoni. Tulidandia malori ya kokoto, tukafika mjini weupe kama tumepakwa unga.

Basi nalo lilikuja. Kila siku saa moja kasoro dakika tano, jipya, limeoshwa, viti bado vina nailoni. Dereva wake anaitwa Sued. Alisimama dakika kumi kama ilivyoandikwa, akatutazama kupitia langoni, tukampungia mkono, akatupungia, akaondoka na basi tupu. Alipewa kifaa cha kubonyeza kila abiria anapopanda. Mwezi hadi mwezi kilisoma sifuri.

Wizara ya Magurudumu ikazitazama takwimu ikahuzunika. Ikaona wananchi hawapendi basi. Wizara ya Majani nayo ilihesabu waliotembelea bustani, ikapata Bwana Mashimbe, ikaona wananchi hawapendi majani. Likatoka tangazo kwamba kuanzia Ijumaa basi litaondolewa, na bustani itageuzwa karakana ya kuegesha mabasi yaliyokosa abiria. Tangazo lilibandikwa kituoni, mahali ambapo wakazi hawafiki. Alitusomea Sued kwa kupaza sauti.

Watu wengine walikasirika kwa ajili ya haki. Mimi nilikasirika kwa ajili ya jicho.

Mama mkwe wangu, Bibi Nyamizi, ana macho mawili kwa kuhesabu na moja kwa kutumia. La kushoto limekwisha kufa kwa presha ya macho. La kulia lilikuwa linafuata. Daktari alisema anaweza kuliokoa kwa kulipasua, ila likichelewa halitarudi. Daktari huyo hutoka mbali, anakuja hospitali yetu kubwa wiki moja kwa mwaka. Mwaka jana nilimpakia Bibi kwenye toroli saa kumi alfajiri. Gurudumu lilivunjika korongoni. Nikambeba mgongoni mpaka barabarani, na tulipotokea kituoni basi lilikuwa limeondoka robo saa iliyopita, tupu. Alikaa kwenye ukingo wa barabara akaniambia nisilie, maana yeye ndiye mwenye jicho. Mwaka huu kadi yake iliandikwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Saa sita mchana daktari anafunga begi lake.

Siku hiyo ya ugomvi wa mbuzi zilikuwa zimebaki siku tatu.

*

Jumanne nilidandia lori nikaenda kwa Mkurugenzi wa Uunganishaji. Ana ofisi mbili, moja kila wizara, na siku zote yuko katika ile nyingine. Nilimpata njiani kati ya ofisi hizo, amekaa kwenye kiti chake ambacho vijana wawili walikuwa wamekibeba. Anaitwa Daktari Kisoka. Ni mtu mpole sana. Alinisikiliza yote, kuanzia korongo mpaka jicho.

"Mama Tunu," akasema, "suala lako linaeleweka. Je, mmefikiria kuahirisha jicho?"

Nikamwambia jicho haliahirishwi.

"Mmeshaliandikia barua?"

"Jicho haliandikiwi barua, Daktari."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyegundua mahali penye upungufu. Akanieleza kwamba kiunganishi hakiwezi kuunganisha kabla hakijaunganishwa rasmi, na kwamba yeye binafsi, kama mtoto wa mama, angenipitisha leo hii, lakini yeye si binafsi. Nikamwuliza kama Waheshimiwa hawawezi kuja Alhamisi asubuhi, kabla tangazo la Ijumaa halijaanza kazi. Akashtuka. Wazo la kuzindua kitu siku moja kabla ya kukifuta lilimpendeza, kwa sababu hesabu za mwaka zilikuwa na nafasi tupu kwenye safu ya mambo yaliyozinduliwa.

Kwa kuwa mimi ni katibu wa kamati ya wakazi, alinikabidhi Mwongozo wa Uzinduzi, toleo la saba, kurasa mia na kumi, nikaandae shughuli. Niliandika barua mbili za mwaliko pale pale juu ya goti, zenye kumbukumbu namba na muhuri wa kamati ambao natembea nao kwenye mkoba. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niliandika. Kamili. Nikapigia mstari.

Daktari Kisoka aliusoma mstari huo kwa muda mrefu. "Kamili," akasema taratibu. Lilionekana kuwa neno geni kwake.

*

Jumatano ilinyesha tangu asubuhi. Kufikia jioni korongo lilikuwa limejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanabeba magogo. Hakuna wa kwenda machimboni wala wa kurudi. Bwana Mashimbe, aliyekuwa amekwisha kuingia kazini, hakuweza kwenda nyumbani. Alisimama chini ya mti mviringo mita chache kutoka kitandani kwake, mkewe akampitishia sahani ya ugali juu ya utepe. Kwanza alikataa kuipokea. Kisha akakumbuka kwamba Mwongozo haukutaja ugali, akala.

Nilimwambia, "Shemeji, inama uje ulale."

"Mama Tunu, nikiinama mara moja, ile miezi yote kumi na minne nilikuwa nafanya nini?"

Nikampelekea mwavuli.

*

Alhamisi saa kumi na mbili na robo wakazi wote walikuwa langoni. Mvua ilikuwa imekatika. Watu sitini na kitu, kila mmoja na safari yake, maana korongo lilikuwa bado halipitiki. Tuliweka viti viwili mbele, kimoja kwa kila Waziri, tumevivisha vitambaa vya mezani. Mkasi ulikuwa kwenye sinia, juu ya taulo safi. Ni mkasi wangu wa kukatia vitambaa. Mwalimu Chogo tayari alikuwa amesimama, anapiga makofi peke yake.

Saa kumi na mbili na nusu hakuja mtu. Bibi Nyamizi nilimwacha ajitayarishe polepole, maana hapendi kuharakishwa, na nilijua kwamba Waheshimiwa watachelewa kidogo.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini tukasikia ving'ora. Kutoka langoni unaona moja kwa moja, bustani, kituo, barabara kuu, na mbele kidogo kipilefti kikubwa chenye sanamu ya gurudumu. Msafara wa bluu ukaingia kipilefti kutoka mashariki. Msafara wa kijani ukaingia kutoka magharibi. Tukashangilia. Walipofika penye njia ya kutokea kuja kwetu, gari la kwanza la bluu likapunguza mwendo lipishe la kijani. La kijani likapunguza mwendo lipishe la bluu. Hakuna aliyetoka. Wakazunguka tena.

Wakazunguka mara tatu. Mara nne. Magari kumi na sita, taa zinawaka, yanazunguka sanamu ya gurudumu.

Nilimpigia Daktari Kisoka. Alikuwa ndani ya moja ya magari hayo, sauti yake inaenda na kurudi.

"Mheshimiwa wa Magurudumu yuko tayari kabisa kuingia," akasema, "mara tu Mheshimiwa wa Majani atakapokuwa ameketi."

"Na Mheshimiwa wa Majani?"

"Yeye pia yuko tayari kabisa."

Saa moja kasoro tano basi la Sued likafika kituoni. Mlango ukafunguka. Dakika kumi.

Hapo ndipo Bibi Nyamizi alipotokea. Amevaa kitenge chake cha zambarau, kadi ya hospitali imefungwa kwenye pindo, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine unapapasa ukuta. Watu wakampisha. Akasimama karibu yangu.

"Wamekuja?" akauliza.

"Wamekuja, mama, lakini hawajafika."

"Basi je?"

"Lipo. Mlango wazi."

Jicho lake la kulia lilikuwa limeelekea upande wa basi, na nilijua halioni zaidi ya doa jeupe. Kisha akaniuliza swali moja tu, bila kupandisha sauti. "Mama Tunu, mwaka huu tena?"

Nilikuwa na Mwongozo mkononi. Usiku nilikuwa nimeusoma wote, kama mtu asomavyo karatasi ya dawa. Ukurasa wa tisa unaeleza mgeni rasmi ni nani. Ni mtu aliyealikwa kwa barua yenye kumbukumbu namba na muhuri, akaketi kiti cha mbele chenye kitambaa, na akafika baada ya watu wote. Basi. Waziri hakutajwa. Nadhani waandishi waliona hakuna haja, kwa sababu nani mwingine angefanya hayo?

Nikatazama kipilefti. Mzunguko wa tisa. Nikatazama basi. Dakika saba.

"Shemeji Mashimbe," nikasema, "nipe karatasi."

Akachana moja kwenye daftari. Nikaiweka mgongoni mwa Mwalimu Chogo, nikaandika. Kumbukumbu namba. Kuhusu: mwaliko wa kuwa mgeni rasmi. Tunayo heshima kubwa kumwalika Bibi Nyamizi, mkazi, kuzindua njia. Nikagonga muhuri mpaka Mwalimu akakohoa. Nikamkabidhi mama mkwe barua yake kwa mikono miwili.

Bwana Mashimbe alikuwa ameelewa. Uso wake ulikuwa kijivu, kwa baridi ya kulala nje au kwa jambo lingine. Mtu mwingine angefumba macho. Yeye hakufumba. Akafungua ukurasa mpya.

"Barua?"

Bibi akainyanyua.

"Kiti?"

Tukamketisha. Bwana Mashimbe akauliza ni kiti cha wizara ipi, maana kimoja kikikaliwa na kingine kikaachwa litakuwa tatizo. Tukavisogeza vikagusana, Bibi akaketi katikati, nusu huku, nusu kule.

"Kuchelewa?"

"Dakika ishirini na tisa," nikasema.

"Amefika wa mwisho?"

"Wa mwisho."

Na wakati huo huo yule mbuzi wa Mzee Lukindo, aliyekata kamba nyumbani, akapenya katikati ya miguu ya watu, akaja mpaka mbele, akasimama kando ya viti na kuanza kula kitambaa. Mzee Lukindo alishika kichwa chake kwa mikono miwili. Bwana Mashimbe akamtazama mbuzi, akautazama Mwongozo, akatazama basi. Dakika tano.

Akarudisha kurasa za daftari nyuma. Jumatatu. Akaweka kidole.

"Huyu," akasema, "ameshaandikwa kuwa mgeni asiye rasmi. Kufika kwake hakuhesabiki."

Akaandika hilo nalo, kwa ukamilifu, na nilitamani kumpokonya kalamu.

"Imebaki hotuba," akasema.

Bibi Nyamizi akasimama, akashika fimbo yake. "Ndugu wananchi," akasema, "nimeitwa, nimekuja. Nina jicho moja na dakika nne. Nipeni mkasi."

Ndiyo hotuba fupi kuliko zote katika historia ya nchi yetu. Nimeiandika neno kwa neno.

Nikampa mkasi. Akanyoosha mkono akakata hewa. Akajaribu tena, akakata hewa ya upande mwingine. Hakuuona utepe. Hapo Bwana Mashimbe alikunja daftari, akaliweka mfukoni, akanyoosha mkono wake juu ya utepe ambao kwa miezi kumi na minne hakuwahi kuuvuka, akaushika mkono wa Bibi kwa upole.

"Kushoto kidogo, Mheshimiwa," akasema. "Hapo. Kata."

Akakata.

Sikumbuki kama tulipiga makofi. Nakumbuka viatu. Watu sitini na kitu juu ya vigae vyekundu, na mimi nimemshika Bibi kwapani, nusu nambeba, nahesabu bila kutaka. Hatua ya mia harufu ya maua ilinipata usoni, nikaghadhibika, maana ilikuwa harufu nzuri kweli na ilikuwa hapa muda wote huu. Hatua ya mia na hamsini Sued akawasha injini. Hatua ya mia mbili alikuwa ameshika kifaa chake mkononi, kidole gumba juu ya kitufe, kama mtu anayeogopa kukibonyeza. Kwa Bibi alikibonyeza kwa nguvu mno mpaka kikakwama kwenye moja, akalazimika kukigonga kwenye usukani ndipo kikaendelea kuhesabu.

Niligeuka mara moja. Langoni Bwana Mashimbe alikuwa anakunja vipande viwili vya utepe, cha bluu na cha kijani. Kisha akatoka. Hatua mbili. Akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe, akabisha hodi.

Tuliondoka saa moja na dakika sita. Sued alichelewa dakika moja kwa mara ya kwanza katika utumishi wake. Watu walikaa juu ya nailoni, wakasimama katikati, na Mwalimu Chogo alisimama ingawa viti vilikuwepo. Tulipoingia kipilefti ilibidi Sued apige honi kupata nafasi kati ya magari ya bluu na ya kijani. Kwa kitambo kidogo tulizunguka pamoja nao. Dirishani nilimwona Daktari Kisoka, simu sikioni, ananipungia mkono nisubiri.

"Kelele gani hizo?" Bibi Nyamizi akauliza.

"Mawaziri, mama."

"Wanazunguka nini?"

"Wanangoja mgeni rasmi afike."

Akaufunga mkasi wangu ndani ya pindo, pamoja na kadi ya hospitali.

"Mwambie dereva akanyage mafuta," akasema. "Ameshapita."